Kopo la Ismaili

Kapu alikuwa nalo, tena kubwa la ukindu, lakini Ismaili alitia humo samaki na sabuni, na kopo la maziwa akalishika mkononi njia nzima kutoka duka la Mhindi mjini Lindi mpaka kambini. Kitu kikiwa ndani ya kapu, nani atakiona? Alipita nalo mbele ya manamba waliokuwa wakirudi kutoka kukata mkonge, akapita nalo kisimani penye wanawake, akazunguka hata nyuma ya korona, mtambo wa kuchakata mkonge, ambako hakuwa na shughuli yoyote. Kila aliyemwamkia alijibiwa kwa kopo kuinuliwa kidogo. Kwenye kopo palikuwa na picha ya mtoto mnene wa Kizungu, anacheka, na anachocheka Mungu ndiye ajuaye.

Ismaili alikuwa karani wa shamba lile la mkonge. Kazi yake ilikuwa kuita majina asubuhi na kuandika nani kaja na nani hakuja, kazi ambayo hata kasuku angeiweza kama angepewa kalamu. Lakini alikuwa akiingia ofisini kwa Bwana Meneja, na watu wengine wakishaingia ofisini kwa Mzungu mara mbili tatu, huanza kumwona hata mama yao mzazi kuwa mshamba. Mke wa Meneja alikuwa na mtoto aliyelelewa kwa chupa, mikononi mwa yaya. Ismaili alimwona mtoto yule alivyonawiri, akarudi nyumbani neno ustaarabu limemjaa mdomoni.

"Mama Kibibi," alimwambia mkewe, "kuanzia leo mtoto anaacha ziwa. Atakunywa haya. Wenzetu ndivyo wanavyolea."

Mkewe, Kidawa, alikuwa amempakata Kibibi, mtoto wa miezi minne, amesinzia na chuchu mdomoni. Alilitazama kopo, akamtazama mumewe, akajua. Jambo lenyewe halikuhitaji elimu. Wanawake wa kisimani walikuwa wamekwisha kujua, na walikuwa bado wanacheka.

Kwa watu wa pande zile, mwanamke anayenyonyesha halali na mumewe. Hulala na mtoto wake mpaka amwachishe, miaka miwili hiyo, na wenyewe wakivunja mwiko huo maziwa huharibika, mtoto akakonda, ikasemwa kwamba wazazi wake wamembemenda. Hakuna aibu iliyopita hiyo. Mwanamume mwenye wake wawili huenda upande wa pili. Mwenye mmoja hungoja, maana subira huvuta heri. Sasa Ismaili mke wa pili hakumtaka, alisema mitala ni mambo ya washamba, na subira nayo hakujaliwa. Basi akaona amepata werevu ambao babu zake wote walizikwa bila kuupata: mtoto atoke ziwani, baba arudi kitandani, na ukware wake auite maendeleo.

"Baba Kibibi," Kidawa alisema, "mtoto haumwi, na mimi maziwa ninayo."

"Utabishana na Wazungu?"

"Wazungu siwaoni hapa. Nakuona wewe."

Ismaili alilisogeza kopo, picha ikamwelekea mkewe. "Funga hayo maziwa yako yakauke. Na nikisikia umemrudisha ziwani kwa siri, utakwenda zako kwenu Kilangala, na mtoto atabaki kwa baba yake."

Hilo ndilo lililomziba mdomo. Kidawa hakujua sheria inasemaje. Alijua tu kwamba mtu wa kalamu hashindwi kesi, na alijua ni nani angemlea Kibibi akibaki pale: kopo. Akajikaza kifua kwa kipande cha kanga mpaka akashindwa kuvuta pumzi vizuri. Kibibi alilia na kugeuza uso kila alipotiwa chuchu ya mpira, na Kidawa akalia naye, huku Ismaili akisimama mlangoni akieleza jinsi chupa inavyoshikwa.

Mama yake Kidawa, Bi Ziada, aliposikia habari zile alifunga safari kutoka Kilangala, karanga kichwani na maneno tele kifuani. Alimkuta binti yake jikoni.

"Mtoto anaumwa?"

"Haumwi, mama."

"Wewe unaumwa?"

"Siumwi."

"Basi mgonjwa ni huyo mwenye suruali."

Ismaili akaja kumwamkia mkwewe kwa adabu zote. "Shikamoo, mama." Bi Ziada akaitika marahaba, kisha bila kuombwa akaanza kumsimulia habari za jirani yao mmoja kule Kilangala. Swila alimtemea mate machoni akiwa anapalilia. Mkewe alikuwa ananyonyesha, akamkamulia maziwa machoni, maana hiyo ndiyo dawa, na macho yakapona. Lakini matone yaliteleza yakamwingia mdomoni, na mjinga yule akameza. Wazee wakasema mtu aliyemeza maziwa ya mwanamke amekuwa mwanawe. Hakumkaribia mkewe tena mpaka mtoto alipoachishwa na dawa ya kuwatengua ikafanywa. Hadi leo watoto wa kijiji wanamwita Kaka Mkubwa.

"Mambo ya bara hayo, mama," Ismaili alisema, akacheka sana. Mtu wa Kiswere kama yeye, mtoto wa pwani, atababaishwa na matone? Lakini jioni ile ile, Kidawa alipoinama kumwekea chai, kifua chake kilichojaa kikavuja kupitia kanga, na tone moja likaanguka ukingoni mwa kikombe. Ismaili aliruka kitini. Alimwaga chai yote uani, akakisugua kikombe kwa jivu kwa mkono wake mwenyewe, yeye ambaye hata sahani yake alikuwa hajawahi kuiosha. Kidawa alimwangalia akisugua.

Basi Ismaili akapata kitanda chake. Na kama angekomea hapo, labda Kibibi angenusurika kwa maziwa ya kopo, maana yalikuwa maziwa kweli, si sumu. Lakini kopo halikukaa jikoni. Ismaili aliligongomelea rafu sebuleni, mkabala wa mlango, likawa la kwanza kumpokea mgeni. Na mgeni akishaliona kopo atafanyaje? Atalisifu. Na akishalisifu, mwenye nyumba atafanyaje?

"Mama Kibibi, lete maji ya moto. Tunywe chai ya maziwa."

Alichota mwenyewe mbele ya watu, kijiko kikafurika, akakoroga kwa madaha. Alikuja Sebastiani, fundi wa korona. Alikuja Kondo, nyapara mkuu. Wakaja na wengine ambao zamani walikuwa wakimwamkia Ismaili kwa mbali tu, na sasa walikuwa na mazungumzo naye kila siku jioni. Kopo la mtoto likanywesha kambi. Kila mshahara lilinunuliwa jingine, na lilipoanza kulia tupu kabla ya mshahara, Ismaili alimwambia mkewe apunguze.

"Nipunguze kwa wageni?"

"Kwa mtoto. Mtoto anajua maziwa mazito na mepesi? Zidisha maji."

Kidawa alizidisha maji. Siku nyingine alitia maji ya mchele, yapate weupe. Kibibi akaanza kuhara. Mashavu yakaingia ndani, macho yakawa makubwa, shingo ikawa haibebi kichwa, na kilio kikawa chembamba hata jirani hakisikii. Na hapo kambi ikafungua midomo. Wanawake kisimani waliwahamishia watoto wao upande wa pili Kidawa alipofika. Hawakunong'ona hata.

"Wamembemenda. Mtazameni. Hawakuweza kungoja."

Ndivyo ilivyokuwa: aibu ambayo Ismaili aliinunulia kopo ili aikimbie, kopo ndilo lililomletea mpaka mlangoni. Na badala ya kumtazama mtoto, alikasirikia watu. "Wanasemaje nimembemenda na kopo wanaliona?" alifoka, akilinyooshea kidole, kana kwamba lingeinuka kumtolea ushahidi.

Bi Ziada alikuja tena. Alimshika mjukuu wake, akalipima paja lile kwa vidole viwili, na maneno yote aliyokuja nayo yakamwishia. Kidawa akamnong'oneza, "Mama, maziwa hayajakauka yote. Akilia, nasikia yanachoma. Nimrudishe?"

"Ziwa lililokwisha kulaliwa halirudiwi, mwanangu. Utamuua kwa mkono wako. Mpe uji mwepesi, umwombe Mungu."

Hayo aliyaamini Bi Ziada, na Kidawa naye aliyaamini. Asidanganywe mtu kwamba hakuyaamini. Mama yake alipoondoka, alikaa jikoni na mtoto mapajani akapima. Maziwa yaliyoharibika upande huu, maji ya mchele upande ule. Lakini maji ya mchele yalikuwa yanamuua mbele ya macho yake, na ziwa alikuwa ameambiwa tu kwamba litaua. Lisilobudi hutendwa. Alifungua kanga, akasema bismillahi, akamtia Kibibi chuchu mdomoni, akafumba macho yake mwenyewe asione.

Kibibi hakuwa hata na nguvu ya kuvuta. Akavuta hivyo hivyo, akachoka, akalala. Kidawa alimkodolea macho akingoja pumzi ikatike. Haikukatika. Alipoamka alililia ziwa tena. Kidawa alikunywa uji wa mtama na karanga mpaka tumbo likamuuma, akamnyonyesha kila Ismaili alipogeuza kisogo, na maziwa yakarudi, kwanza kwa kusuasua, kisha yakamwagika. Kuhara kukakoma. Shingo ikasimama. Baada ya mwezi Kibibi alikuwa na mikunjo mapajani, akicheka kuliko mtoto wa kwenye kopo, na huyu alikuwa na sababu.

Na Ismaili? Loo, Ismaili alitanua kifua. "Si mnaona? Niliwaambia! Maziwa ya kopo haya!" Alimpitisha mtoto mkono kwa mkono kama mali aliyoipata kwa kushinda kesi, na waliomsengenya wakaanza kumtazama Kidawa kwa haya. Ismaili alikuwa hajui kwamba tone la kopo halikuwa limemwingia Kibibi mwezi mzima.

Lakini kwa Kidawa hatari ilikuwa haijapita, ilikuwa imegeuka tu. Sasa alikuwa ananyonyesha, na mumewe kitanda anakitaka. Amkubalie, ambemende mtoto kweli. Akatae na kusema sababu, afungwe tena kifua, au arudishwe Kilangala mikono mitupu. Alidanganya kwamba yumo katika siku zake, mpaka siku hizo zikawa ndefu kuliko mwezi wenyewe, na Ismaili, ambaye kazi yake ilikuwa kuhesabu waliokuja na wasiokuja, akaanza kuhesabu.

"Jumapili ndiyo mwisho," alimwambia. "Mtoto amepona, wewe umepona, mimi si mgeni katika nyumba hii."

Jumapili ilikuwa siku ya mapumziko, wakaja Sebastiani na Kondo. Ismaili akamweka Kibibi mapajani, akaanza mahubiri yake ya kopo. Kisha akaita chai ya maziwa.

"Nimetia huko huko jikoni leo," Kidawa alisema, akileta sinia. "Mniwie radhi mashemeji, maziwa yalikuwa ya kikombe kimoja. Ninyi nimewatilia chai ya rangi, na hiki ni cha mwenye nyumba."

Wageni wakasema haidhuru. Ismaili aliinua kikombe chake, kizito, cheupe, akanywa polepole makusudi ili wenzake watamani. Akamaliza. Akalamba mdomo.

"Mnaona tofauti?" alisema. "Tena leo ni matamu kuliko siku zote."

Kibibi akalia. Kidawa akamchukua kutoka mapajani mwa baba yake, akakaa kitako mkekani katikati yao, akalegeza kanga, akamnyonyesha. Mtoto akadaka ziwa kwa uzoefu wa mwenye nyumba, na kelele za kumeza zikasikika chumba kizima.

"Unafanya nini?" Ismaili aliuliza.

"Namnyonyesha mwanangu. Mwezi mzima sasa ananyonya. Hayo mashavu unayoyatembeza ni ya ziwa, Baba Kibibi. Kopo mlilimaliza ninyi, na hilo hapo limekaa tupu tangu Ijumaa."

Ismaili akalitazama kopo. Akakitazama kikombe. Ilimchukua muda, masikini, kwa mtu aliyesoma.

"Na haya niliyokunywa?"

"Ni hayo hayo anayokunywa mwenzio."

Sebastiani aliinama akawa anashughulika na kamba ya kiatu. Rangi ilimtoka Ismaili usoni. Aliweka mkono kooni, kana kwamba angeweza kuyarudisha, kisha akamgeukia mkewe. "Leo hii," alisema, "leo hii nakupa talaka yako."

Kondo, ambaye alikuwa amekunywa makopo kadhaa katika nyumba ile na hakuwahi kumpinga mwenye nyumba hata siku moja, akatua kikombe chake chini.

"Bwana Karani," alisema, "mke ndiye anayeachwa. Mama haachwi."

Hadi jua linazama manamba wote walikuwa na habari hiyo. Kule Lindi walikuwapo mashehe, na huenda wangemwambia kwamba mtu mzima hafungwi na kikombe kimoja cha chai. Lakini ili uulize sharti ueleze, na Ismaili afadhali angekula kopo lenyewe. Asubuhi alipoita majina kwenye mstari, kila manamba aliyeitwa aliitika kwa sauti nyembamba, kama mtoto anayetaka kunyonya, na Ismaili akaandika huku kichwa chini.

Talaka haikutajwa tena, na Kidawa hakungoja wazee waje kuamua. Alibeba mkeka wa mumewe na mto wake, akamtandikia sebuleni, chini ya rafu, akalale na kopo lake.