Asali ya Saa Nane

Kila siku ya kazi, ikifika saa nane mchana, mzee ambaye mtaa mzima ulimwita Fundi Saa alikuwa akifanya jambo ambalo mkwewe, mke wa mwanawe, hakulijua. Alitoa chupa ya kunyonyea ambayo mkwewe aliamini ilitupwa mwaka uliopita, akaijaza maziwa vuguvugu, akatia vijiko viwili vya asali kutoka kwenye kopo lililokaa nyuma ya visanduku vya mikanda ya saa, kisha akaitikisa. Mjukuu wake, msichana wa miaka miwili na nusu waliyempa jina la utani Kidosho, aliinyonya akiwa amejilaza kwenye godoro kando ya meza ya kazi. Kabla maziwa hayajaisha alikuwa ameshalala fofofo, mpira wa chupa ukiwa bado mdomoni. Hapo mzee alipata saa mbili za utulivu, na mikono yake iliyoanza kutetemeka kwa uzee ilihitaji utulivu kuliko kitu kingine chochote.

Mkwewe, aliyeshona nguo kiwandani kuanzia asubuhi hadi jioni, alikuwa ameshatoa amri. "Baba, mtoto asipewe peremende wala chai ya sukari. Hata akilia." Fundi Saa aliitikia, na kwa hesabu zake hakuwahi kuvunja ahadi. Yeye alikuwa mtu wa kusoma. Alisoma ukubwani, madarasa ya jioni, mikono ikinuka mafuta ya mashine, na katika kitabu kimoja cha afya alikuta imeandikwa kwamba asali ni dawa. Basi sukari ni sukari, na asali ni dawa. Kwa nini dawa hiyo aliificha, hilo hakuwahi kujiuliza.

Alhamisi moja mteja mmoja, mwenye duka la viatu, alisimama kwenye dirisha la chumba cha kazi, pale pale nyumbani kwa mzee, akiegemeza viwiko.

"Fundi, saa yangu ina wiki tatu humu ndani. Imeshahamia? Ipe basi na kitambulisho!"

"Saa yako ina umri wa babu yako," alijibu mzee bila kuinua kichwa. "Mgonjwa wa umri huo hatibiwi kwa haraka. Njoo Jumamosi."

"Jumamosi ya mwezi gani?"

Mzee alikuwa anatafuta jibu la kumkomesha aliposikia mtoto akilia godoroni. Hakikuwa kilio cha njaa wala cha deko. Kidosho alikuwa ameshika mdomo kwa mikono miwili, na mdomo wa juu ulikuwa umevimba.

"Nini, mchumba wangu? Hebu babu aone."

Aliinua mdomo ule kwa kidole gumba. Kwa mazoea tu, akashusha ile lenzi ya kazini iliyokuwa kwenye paji lake la uso, akatazama. Meno manne ya mbele ya juu yalikuwa ya kahawia kwenye ufizi, kingo zimemomonyoka. Juu ya jino moja kulikuwa na kipele cha usaha. Kwa miaka arobaini jicho lile lilikuwa likisaka kutu ndogo kuliko chembe ya vumbi ndani ya saa za watu, na siku zote hizo mdomo wa mtoto aliyelala hatua moja kutoka hapo halikuwahi kuuangalia.

Jioni mkwewe alipofika na kuoneshwa meno, alimpigia simu mumewe, dereva wa lori aliyekuwa safarini. Sauti ya mume ilijaa chumba kizima.

"Mama gani wewe? Unampiga mswaki au unampaka rangi?"

"Nampiga mswaki kila usiku, ila mdomo hataki uinuliwe. Muulize baba!"

"Baba, ni kweli?"

"Ni kweli," alisema Fundi Saa. Ilikuwa kweli, naye akaishia hapo.

Asubuhi walikwenda wote watatu kwenye kliniki ya meno. Daktari, mama mnene mwenye sauti ya taratibu, alimkalisha Kidosho kwenye mapaja ya mama yake, akammulika.

"Anakula peremende?"

"Hapana."

"Soda, juisi?"

"Daktari, sukari ya nyumbani naifungia kwa ufunguo."

"Analala na chupa?"

"Aliacha mwaka jana."

Daktari alizima taa yake ndogo. "Mama, sipo hapa kukuhukumu. Lakini tazama. Meno ya chini ni mazima, kwa sababu mtoto akinyonya chupa ulimi huyafunika. Haya ya juu yameogeshwa kitu kitamu siku nyingi, akiwa usingizini, wakati mate ya kuyasafisha ni machache. Niambie ukweli tu nijue namna ya kumtibu."

"Huo ndio ukweli," mkwewe alisema, na machozi yakaanza kumdondoka juu ya nywele za mtoto. "Sijui nikuapie kwa nini, daktari."

Fundi Saa alitazama sakafu. Alijua akisema, kesho Kidosho atapelekwa kwa mlezi mwingine, na nyumba ile itabaki na milio ya saa peke yake. Akinyamaza, mwanamke huyu atabeba aibu hii hadi kwa mumewe, na mtoto ataendelea kushinda na babu yake. Mambo yote mawili aliyapima, na aibu ya kuyapima ikamuuma kuliko kitu chochote.

"Ni mimi," alisema. "Mimi ndiye ninayempa chupa. Mchana. Lakini natia asali, daktari, si sukari. Asali ni..."

"Asali ni sukari, mzee. Wadudu wa mdomoni hawabagui. Wakiipata wanatengeneza asidi, na asidi inalila jino."

Mkwewe hakupiga kelele. "Kwa nini, baba?"

Alikuwa na maelezo ya kitabuni tayari, ya afya na nguvu za mwili. Yalimfika kooni, akayameza.

"Nilitaka alale. Nifanye kazi."

Jino lenye usaha ling'olewe, daktari alisema, usaha usije ukalidhuru jino la ukubwani linalokua juu yake. Mawili yangezibwa, na la nne lingepakwa dawa ya kuliimarisha. "Mngeona ule weupe wa mwanzo, kama chokaa kwenye ufizi, tungepaka tu dawa, mkaacha chupa, pengine yasingetoboka. Kila mwezi inueni mdomo muangalie. Mswaki mara mbili, dawa ya meno yenye floridi, kiasi cha punje ya mchele. Na akilala, maji tu."

Kidosho alipoiona sindano, alinyoosha mikono kwa babu yake. Mama yake aliirudisha mikono ile, akaishika mwenyewe. Mzee alisikia kilio chote akiwa amesimama ukutani.

Siku tatu mkwewe alimpakulia chakula na kumwamkia, na zaidi ya hapo hakusema neno. Usiku wa kuamkia Jumatatu, siku ya kurudi kazini, alikuja na kusimama mbele ya meza yake.

"Nimeshamwambia baba yake kila kitu. Nimeulizia pia mahali pa kumlea. Kidosho hataki kusikia. Nitamwacha kwako wiki moja. Akilia, alie. Utaweza?"

Fundi Saa hakuwa mtu wa kukosa jibu. "Sijui, mwanangu," alisema. "Nitajaribu."

Kesho yake, saa nane, alimpa maji kwenye kikombe. Kidosho alikitupa. Alilia chupa, akalia babu mbaya, akapiga teke godoro. Mwenye duka la viatu alibisha dirishani, akachungulia, akaondoka kimya. Mzee alimbeba mtoto, akazunguka naye chumbani hadi magoti yakamuuma, akaketi. Ilipita saa nzima na zaidi kabla usingizi haujamchukua, kichwa kikiwa kwenye bega lake. Mkono wake ulikufa ganzi, lakini hakujisogeza. Siku hiyo hakutengeneza saa hata moja.

Mkwewe aliingia jioni, hata viatu hakuvua. Alimchukua mtoto, akamwinua mdomo wa juu, akatazama pengo na meno yaliyobaki. Kisha akainama na kuunusa mdomo ule, akavuta pumzi polepole kama mtu anayekagua maziwa yaliyolala.

Fundi Saa aligeukia dirishani, ili mkwewe asijue kwamba ameonekana. Kesho atamnusa tena, na kesho kutwa. Ilikuwa haki yake.