Chumvi ya Moto ya Vahan

Kwa miaka thelathini Araksi alikuwa na jibu moja kuhusu kaburi la mumewe. Nafasi iliyoachwa kwenye jiwe kwa ajili ya jina la Araksi na iote kuvu. Yeye atazikwa kwa baba yake. Kulala na mtegea kazi duniani kulimtosha.

Na nani angemlaumu? Vahan alikuwa bingwa wa kuugua. Kila mwezi, na hasa ukifika wakati wa kunyoa kondoo au kuchuma zabibu, homa inampanda, tumbo linamkaza, anajikunja kando ya jiko na kuomba chumvi ya moto. Araksi aliikaanga, akaitia ndani ya soksi ya sufu, akamwekea tumboni. Siku ya tatu bwana mzima, anaimba, anapasua kuni za nyumba mbili. Kijiji kikambandika jina, Siku Tatu. Daktari wa mjini alimpasua akitafuta kidole tumbo kibovu, akakikuta kizima kabisa. Ushahidi gani tena?

Kilichomvunja Araksi ni mazishi ya baba yake. Wanaume wanabeba jeneza, mkwe kalala jikoni. "Araksi, chumvi," alinong'ona. Araksi akaimwaga uani mbele ya macho yake, akaenda kuzika. Siku ya tatu Vahan alionekana juu ya mti, anatikisa matunda ya aprikoti. Tangu hapo hakumkaangia tena, mpaka figo zilipommaliza.

Jumapili hiyo binti yake Shushan alikuja kutoka Yerevan na mtoto wake Nairi, wa miaka tisa, waliyekuwa wamempeleka kwa daktari kwa homa za mara kwa mara.

"Haya, daktari kasemaje?" Araksi aliuliza.

"Ni homa ya kurithi, mama. Waarmenia wengi tunayo. Chembe nyeupe za damu ndizo walinzi wa mwili, sasa zake zinapiga vita bila adui, zinamchoma tumboni. Zikituliza hasira, mtoto anaamka anacheza kana kwamba hakuugua."

"Baada ya siku ngapi?"

"Mbili, tatu. Isipotibiwa inaweza kula figo. Ila vidonge vipo, atameza kila siku."

Araksi aliitazama picha ya Vahan ukutani. Hakuuliza mtoto karithi kwa nani.

Hata chai haijapoa, Nairi akashika tumbo na kujikunja kwenye kochi. Shushan akampigia daktari simu. Araksi akainuka na magoti yake mabovu, akamimina chumvi kwenye kikaango, akatafuta soksi.

Harufu ya sufu yenye joto ikamrudishia mambo yote. Jinsi Vahan alivyokuwa akiushika mkono wake juu ya ile soksi asiuondoe. Vile alivyomtania huku meno yanagongana, kwamba ameoa mke kwa sababu ya kikaango. Walikuwa vijana, na alimpenda mno mwanamume yule. Aliutamani ule mkono sasa hivi.

"Bibi, unalia?" Nairi aliuliza.

"Moshi."

"Moshi gani, na jiko ni la gesi?"

"Lala wewe." Akaibana soksi taratibu tumboni mwa mtoto, kisha akamgeukia binti yake. "Miaka sita nilimnyima baba yako chumvi, Shushan. Alikuwa anaumwa kweli, nami nikamnyima. Kesho mwite fundi wa mawe. Achonge jina langu karibu na lake, asiache upenyo."