Lori la Maji la Butihinda

Jovina alipanga madumu yake matupu katikati ya barabara ya Butihinda, akasimama nyuma yake. Lori la maji lililokuwa likipanda kilima lilipiga honi, likapiga tena, kisha likafunga breki.

Kisima cha nyuma ya nyumba walikichimba wenyewe, yeye na mumewe Elikana, mwaka waliorudi kutoka Tanzania, hata kabla ya kuezeka. Walikuwa wamechoshwa na foleni za maji za kambi ya wakimbizi. Kisha kampuni ikaja kusafisha dhahabu kule juu kilimani, na zebaki yake ikashuka na mvua. Wataalamu walipima, wakapaka mfuniko rangi nyekundu, wakasema maji yale ni sumu hata yakichemshwa. Wakaahidi kuleta mengine. Hayakuja. Jovina alibaki kuteka mtoni, mbali, huku lori hili likimpita kila asubuhi likipeleka maji safi kwa kampuni ileile.

Dereva alishuka. Aliitwa Hamadi, mtu wa mtaa wa Magarama, mjini Gitega, na alimsihi kwa adabu.

"Mama, mi iko na ordre, amri ya kampuni, ya kufikisha maji huko juu tu. Wakiona tanki imepunguka, batanifukuza."

Jovina hakupaza sauti. "Baba, wao ndio waliotutilia sumu, na wao ndio wanaoletewa maji. Nieleze hilo, nami nitaondoka njiani."

Macho ya Hamadi yaliangukia mlangoni pa nyumba, alipokuwa ameketi Elikana, mikono ikimtetemeka mapajani bila kukoma. Aliuliza ni ugonjwa gani. Jovina akamwambia ni kisima. Mwanaume aliyepasua mwamba wa kisima kile kwa sururu sasa hawezi kufunga kifungo cha shati.

Dereva akazunguka nyuma ya lori, akavuta mpira wa maji.

"Ita na majirani," alisema.

Walitoka migombani na ndoo, sufuria, beseni. Simu ya Hamadi iliita kwenye kiti, ikanyamaza, ikaita tena. Hakwenda kuipokea. Foleni ilikuwa bado ndefu maji yalipoanza kupungua, na huko juu gari la kampuni likaonekana likishuka, vumbi likilifuata. Hakuna aliyeondoka. Jirani mmoja, Mzee Paskazia, alisogeza beseni lake chini ya mpira, na maji, membamba sasa kama uzi, yakaendelea kutiririka ndani.