Dada Aliyekuja kwa Posta

Jumamosi asubuhi tarishi aliegemeza baiskeli yake kwenye nguzo ya taa, kati ya nyumba mbili zinazotazamana, akatoa mkobani vitu viwili vilivyotoka Marekani. Bahasha aliipeleka nyumba ya kulia, kwa karani mstaafu wa posta ambaye mtaa mzima ulimwita Bwana Mihuri. Postikadi aliipeleka nyumba ya kushoto, kwa mdogo wake Bwana Mihuri, fundi cherehani. Anwani zote mbili ziliandikwa na mkono mmoja, mkono wa dada yao mkubwa, aliyehamia Marekani ndugu hawa wakiwa bado na nywele nyeusi.

Bwana Mihuri alivaa glovu zake nyeupe za pamba, akaipokea bahasha kwa ncha za vidole, akaipeleka mezani na kuikagua kwa lenzi. Stempu ilikuwa na picha ya ndege mwekundu. Juu yake ulikuwa umepigwa muhuri maalumu wa mji mdogo ulioadhimisha maonyesho yake ya maboga: boga lenye taji, tarehe imezunguka ukingoni, wino haukupakaa hata chembe. Muhuri wa namna hiyo hupigwa siku moja tu, kisha chuma cha kuupigia huondolewa na muhuri wenyewe hauonekani tena duniani. Bwana Mihuri aliitia bahasha kwenye mfuko wa nailoni bila kuifungua, akautia mfuko kwenye albamu, akairudisha albamu kabatini. Kisha akaenda kusimama dirishani, maana alijua atakachokiona.

Dada yao alikuwa amekwisha fika kwa fundi. Alikaa kwenye benchi la wateja, viatu amevivua, begani ana theluji kidogo kwa sababu postikadi ya safari hiyo ilikuwa na picha ya mlima wenye theluji. Fundi alikuwa anammiminia chai.

Ndivyo mambo yalivyokuwa tangu postikadi ya kwanza. Kadi ikifika kwa fundi, dada hufika nayo. Hukaa, huuliza habari za watoto, hukosoa mishono, hucheka kile kicheko chake kinachoishia kwenye kikohozi. Kadi ikishabandikwa ukutani kwa pini, huinuka, huvaa viatu, na hayupo tena. Kwa hiyo fundi, mtu mwenye pini kila mahali, hata kwenye kola ya shati alilovaa, siku hiyo huwa haoni pini hata ya dawa. Hutafuta kwenye droo, hutafuta chini ya cherehani, humlaumu mkewe. Wateja waliokuja kuchukua suruali zao walimsalimu dada, wakasogezewa nafasi kwenye benchi, wakaambiwa suruali bado.

Roho ilimuuma Bwana Mihuri. Hakuna haja ya kumtafutia jina zuri: ulikuwa wivu, ule mkavu unaokaa kooni kama mwiba wa samaki. Mama yao alipofariki, dada huyo ndiye aliyewalea wote wawili. Mdogo alibebwa mgongoni. Yeye, kwa kuwa alikuwa na miguu yake, alitembea nyuma akishika ncha ya gauni. Tena alikuwa mtoto wa kukunja uso na kupanga vizibo vya soda kwa rangi, basi dada akamwita Babu, na jina likamkaa. Mdogo aliitwa kipenzi. Tangu hapo Bwana Mihuri alikuwa anaangalia nani kapewa nini, na kila alipoangalia aliona kapunjwa.

Kilichomchoma zaidi ni kwamba yeye ndiye aliyekuwa akimwandikia dada bila kukosa. Alimtumia bahasha tupu, pamoja na maelekezo: nenda posta ya mji fulani, siku fulani, omba muhuri maalumu, mwambie karani asigandamize mno. Ndani usiandike neno, wino hupenya. Tia karatasi ngumu tu, bahasha isije ikajikunja. Na dada alipanda mabasi, mtu mzima mwenye magoti mabovu, akaenda kwenye miji ambayo hakumjua hata mtu mmoja, ili ndugu yake apate boga lenye taji. Hilo Bwana Mihuri aliliona ni shughuli ya posta. Kunywa chai kwa fundi ndiko alikokuona mapenzi.

Mkewe alimwambia aombe naye postikadi, yaishe. Akajibu kwamba postikadi husafiri uchi, mashine huikwaruza, muhuri hupakaa. Isitoshe, mtu mzima haombi kutembelewa na dada yake.

Kuna siku alijikaza akavuka barabara. Postikadi ya siku hiyo ilikuwa ya jangwa, na dada alikuwa na mchanga kwenye nywele. Alimshika Bwana Mihuri mikono yote miwili.

"Babu, bahasha zangu unazipata?"

"Nazipata zote, dada. Zinafika salama."

"Unazifungua?"

"Bahasha ya muhuri haifunguliwi. Ukishaichana imekufa."

Dada alimwachia mikono, akasema, "Haya." Kisha akaanza kumuuliza kama bado anakula kwa haraka kama zamani. Hapo mke wa fundi, kwa nia njema kabisa, akaingia na pini aliyoiokota uani, na mazungumzo yakaishia hapo. Bwana Mihuri alirudi kwake akiamini kuwa ile pini ilipangwa.

Ni mkewe aliyegundua. Alikuwa anapangusa kabati akasikia mtu anakohoa ndani ya albamu. Alikwenda jikoni kuzima jiko, akarudi, akasikiliza tena, ndipo akamfuata mumewe barazani.

"Wifi yumo kabatini," alisema.

"Sehemu gani?"

"Kwenye bahasha. Zote."

Bwana Mihuri alizitoa albamu, akazipanga mezani, akaweka sikio juu ya bahasha moja moja. Ndani ya bahasha ya maboga dada alikuwa anakohoa. Ndani ya ile ya daraja la reli, iliyokuja miaka mingi nyuma, alikuwa bado kijana, anaimba kwa sauti ya chini kama alivyokuwa akiimba alipofua. Katika nyingine alikuwa anabisha kwa kidole, polepole, kwa adabu ya mtu anayebisha kwa ndugu zake. Bwana Mihuri alikumbuka kwamba bahasha zake zilifika zina joto siku zote, naye akidhani ni jua la kwenye mkoba wa tarishi. Alikuwa amekula mshahara wa posta maisha yake yote, kwa hiyo hakuhitaji kuelezwa. Postikadi haina gundi, aliyekuja nayo hutoka mwenyewe. Aliyekuja ndani ya bahasha hungoja afunguliwe.

Mkewe alikuwa ameshaweka vikombe vitatu mezani.

Bwana Mihuri alichukua kisu cha karatasi, akaishika bahasha ya maboga. Akitia kisu juu, atagusa meno ya stempu. Akitia ubavuni, atakata ukingo wa tarehe. Akiinua gundi ya nyuma, karatasi itachanika, na mkusanyaji yeyote mwenye macho ataona. Aliigeuza, akaigeuza tena. Ndani yake dada akanyamaza, kama mtu aliyesikia mlango unaguswa.

"Si leo," alisema, akaweka kisu chini. "Huu muhuri hautapigwa tena."

Mkewe alirudisha kikombe kimoja kabatini. Toka siku hiyo chumba kile hakukipangusa tena, akasema anayetaka vumbi litoke alitoe mwenyewe.

Ajabu ni kwamba Bwana Mihuri alianza kulala vizuri. Postikadi zilipofika kwa fundi, alisimama dirishani bila kuumia sana. Dada wa kule alikuwa anatumika: chai ikiisha, pini ikipatikana, kwisha habari. Wa kwake walikuwa wazima wote, hawajaguswa, kila mmoja na tarehe yake. Aliendelea kuagiza mihuri, na dada aliendelea kupanda mabasi.

Postikadi ya mwisho ilikuwa na picha ya shamba la mahindi, hakuna mtu, hakuna nyumba. Dada alifika amevaa koti la nyumbani na ndara. Alimwambia fundi kwamba hiyo ndiyo safari ya mwisho, moyo umechoka na daktari hakumficha. Aliyasema hayo kama mtu anayetaja kupanda kwa nauli. Fundi alitafuta pini tangu asubuhi hadi maduka ya jirani yakaanza kufungwa. Alitafuta mpaka kwenye kopo la sukari. Mwishowe dada aliinuka, akachomoa pini kwenye kola ya shati la mdogo wake, akamwekea mkononi.

Bwana Mihuri aliyaona yote hayo kutoka dirishani. Siku hiyo tarishi hakuwa amemletea kitu. Akasema moyoni kwamba hata kuaga, dada ameaga upande mmoja.

Baadaye habari ya msiba ilithibitishwa kwa simu. Ndugu na majirani walikuja, wakakaa, wakaondoka. Kisha fundi akavuka barabara, na kwa mara ya kwanza shingoni hakuwa na futi yake ya kupimia.

"Kaka, nimekuja kuomba."

"Kaa kwanza."

"Zangu zimekwisha. Nimezibandua ukutani, nimezibandika tena, ni picha tu. Wewe una kabati zima. Fungua moja."

"Ipi?"

"Yoyote. Hiyo ya maboga."

"Hiyo chuma chake kimeshaondolewa. Haipatikani nyingine."

"Na yeye hapatikani mwingine, kaka."

Bwana Mihuri alivua miwani, akaifuta kwa muda mrefu kuliko ilivyochafuka. Kisha akalitoa neno aliloishi nalo tangu enzi za ncha ya gauni.

"Alikuwa anakuja kwako. Kila mara kwako. Mimi nachungulia dirishani, utadhani jirani."

"Na kwako alikuja kila mara. Hukumfungulia tu."

Ndani ya kabati mtu alibisha kwa kidole. Walisikia wote, hata mke wa Bwana Mihuri aliyekuwa mlangoni, naye akageuka akaenda zake jikoni.

Fundi alikuwa amelikodolea macho kabati. Bwana Mihuri aliyatambua macho yale. Yalikuwa macho yake mwenyewe ya dirishani, sasa yamehamia kwenye uso wa mtu aliyebebwa mgongoni. Alijua angepaswa kumwonea huruma, na kidogo alimwonea. Lakini zaidi alifurahi, furaha ile ya mtoto anayeshika kitu ambacho mwenzake hana, na hakuona sababu ya kuharakisha iishe.

"Kufungua, hatufungui," alisema. "Kusikiliza, ruhusa."

Tangu hapo fundi huja kila Jumapili baada ya chakula cha mchana. Amewekewa kiti karibu na meza, na amepewa glovu zake. Bwana Mihuri hufunua albamu, huinua kila bahasha kwa kibano, hutaja muhuri: daraja la reli, siku ya vipepeo, mashindano ya kukata magogo. Fundi huinama, huweka sikio. Wakati mwingine hulia, na hapo huombwa asogee nyuma kidogo, kwa kuwa machozi yana chumvi na chumvi hula karatasi. Husogea. Mtaani wanasema ndugu wale siku hizi wanapatana kuliko zamani, na si uongo.

Jumapili iliyopita walifika tena kwenye boga lenye taji. Fundi alisikiliza muda mrefu.

"Anasemaje?" Bwana Mihuri aliuliza.

"Anamwita Babu."

"Sema tena."

"Anakuita wewe, kaka. Anasema, Babu, nifungulie, humu kuna joto."

"Na wewe? Hajakutaja?"

"Hajanitaja. Hata katika zile nyingine hajanitaja."

Bwana Mihuri aliitikia kwa kichwa, polepole, kama karani anayepokea mzigo uliotimia. Alisimama akafungua dirisha kidogo, kwa ajili ya hilo joto, kisha akarudi kukaa na kufunua ukurasa unaofuata.