Pweza Mwenye Mioyo Minane

Kazini kwetu, karatasi za mwanzo ni zetu. Mashine ya kuchapia ikiwashwa, wino huchelewa kutulia, na karatasi za kwanza hutoka zimepauka au zina madoa. Hakuna mteja anayezitaka, kwa hiyo anayewahi anachukua. Mimi ndiye mkataji, kisu kikubwa kiko chini ya mikono yangu, na kwa kuwahi sijambo.

Ndivyo nilivyopeleka nyumbani kadi za maswali. Zilikuwa za watoto, swali mbele, jibu nyuma: nyota, wanyama, mambo ya watu wa nchi za mbali. Nilizikata mwenyewe, nikazifunga kwa mpira, nikampa binti yangu. Jina lake la nyumbani ni Kwanini, na sidhani kama nina haja ya kueleza tulilitoa wapi. Huyu anaweza kukuuliza kwa nini maji yanalowesha, wewe ukiwa na ndoo kichwani. Shuleni mwalimu alishaniita zaidi ya mara moja: mtoto anauliza mno, lakini akiulizwa yeye anaduwaa. Wenzake nao wakampa jina lao, la kuudhi, silitaji hapa.

Basi kadi zile zikamwingia kichwani zote. Akila anajibu, akioga anajibu. Siku moja akarudi mbio kutoka shuleni, hata viatu hakuvua. Amechaguliwa kuwakilisha darasa lake kwenye shindano la maarifa, Jumamosi, na wazazi wanaitwa. Nilifurahi mpaka nikaona aibu mwenyewe. Nilitaka kitu kimoja tu: mwanangu asimame mbele ya wale waliomcheka, ajibu, wamwone kuwa naye ni mtu.

Ijumaa nikatoka kazini mapema, nikashika kadi tufanye mazoezi.

"Karatasi ilianza kutengenezwa nchi gani?"

"Misri."

"Piramidi za mafarao ziko nchi gani?"

"China."

Nikageuza kadi. Kweli, imeandikwa China. Mimi sikusoma sana, lakini piramidi nimezichapa kwenye kalenda, na chini yake paliandikwa Misri.

"Una uhakika, mwanangu?"

"Imeandikwa, mama. Si wewe uliyeikata?"

Nikaendelea kuuliza, na kadiri nilivyouliza ndivyo nilivyozidi kupotea. Sayari zinazozunguka jua ni tatu. Pweza ana mioyo minane. Hiyo ya pweza nilikaribia kuikubali, maana ana mikono minane, huenda kila mmoja umepewa moyo wake. Halafu ikaja kadi inayosema iko sayari ambayo siku yake ni ndefu kuliko mwaka wake. Hapo uvumilivu ukanishinda. Nikazikusanya zote nikarudi kazini.

Fundi Wino, mchapaji wetu, alikuwa anajiandaa kufunga. Vidole vya mtu huyu havijawahi kuwa na rangi ya vidole. Nilipomsomea ile ya piramidi alicheka, kisha akaacha kucheka. Akachukua karatasi moja ya kazi ile iliyokuwa haijakatwa, akaigeuza mbele, akaigeuza nyuma, kama mtu anayetafuta shingo ya fulana gizani.

"Dada, nimekwisha."

"Nieleze kwanza, ndipo uishe."

"Karatasi ukiigeuza, kushoto kunakuwa kulia. Majibu nilitakiwa kuyapanga kinyume. Mimi nimeyapanga sawasawa na maswali." Akanionyesha kwa kidole. "Safu ya katikati iko salama. Hizi mbili za pembeni zimebadilishana majibu."

"Kwa hiyo nyingine ni za kweli na nyingine za uongo?"

"Ndiyo."

"Na ukizichanganya, utazijuaje?"

"Huzijui," akasema, na akaonekana kama anataka kulia.

Akafungua kompyuta, akanisomea majibu yalivyoletwa. Pweza ana mioyo mitatu. Sayari ni nane. Karatasi China, piramidi Misri. Hayo nikayameza. Lakini ile sayari ya siku ndefu kuliko mwaka, niliyoapa kwamba ni uongo mtupu, ndiyo kweli. Inaitwa Zuhura, na ilikuwa katikati. Tena Zuhura hiyohiyo ndiyo yenye joto kali kuliko zote, si Utaridi iliyo karibu kabisa na jua.

"Fundi, aliye karibu na jiko si ndiye anayeungua?"

"Wanasema Zuhura imejifunika hewa nzito kama blanketi, joto likiingia halitoki. Mimi nachapa tu, dada, usinigombeze."

"Na kadi zilizokwenda kwa mteja?"

"Nitampigia Jumatatu. Leo sina uso."

Nilipaswa kumkalia kooni palepale. Lakini akili yangu yote ilikuwa nyumbani, kwa mtoto aliyejaza uongo kichwani kwa mkono wangu mwenyewe.

Kumfundisha Kwanini ni kazi. Kumfundua, kumtoa kichwani alichokwisha kukariri, sikuwahi kujaribu.

"Pweza ana mioyo mitatu," nikamwambia.

"Mchana ilikuwa minane."

"Mchana tulikosea."

"Nani alikosea? Sisi au kadi?"

"Kadi."

"Na ile ya siku ndefu kuliko mwaka?"

"Hiyo imebaki."

"Kwa nini ibaki, mama, wakati ndiyo inayofanana zaidi na uongo?"

Nikamwambia akariri tu, tutaelewa baadaye. Akanitazama kwa namna ambayo sikuipenda, lakini akakariri. Kwenye joto la Zuhura nikamfunika blanketi, akacheka, na hiyo ikaingia vizuri kuliko zote.

Jumamosi ukumbi ulijaa. Mbele waliketi washindani wawili waliobaki baada ya mchujo wa asubuhi, Kwanini na mvulana wa darasa jingine mwenye shati lililopigwa pasi mpaka kola. Mwalimu wa sayansi akaweka boksi mezani, akatoa kadi ya kwanza. Mgongo wa kadi ulikuwa wa buluu kama wa zile za nyumbani, na kwenye kona palikuwa na ile alama ndogo ambayo kisu changu huacha kikianza kuwa butu. Kumbe kadi zilizokwenda kwa mteja ziliishia hapa.

"Sayari yenye joto kali kuliko zote?"

"Zuhura," akasema Kwanini, sauti imesimama.

Mwalimu akageuza kadi. "Hapana. Ni Utaridi."

Watu wakacheka kidogo. Mwanangu akanitafuta kwa macho. Mvulana akaulizwa karatasi ilianzia wapi, akajibu China, akaambiwa hapana, ni Misri. Kadi iliyofuata mwalimu aliisoma kimya, akaigeuza, akavua miwani, akaivaa, kisha akaiweka kando na kuchukua nyingine. Nadhani ilikuwa ya piramidi.

Nikainuka. Mama wa nyuma akanivuta gauni: "Kaa, mwenzangu, unatuziba." Nikakaa. Nikajiambia nitainuka tena. Lakini nikisimama nitasema nini? Kwamba kadi zote ni mbovu? Si zote. Zipi? Hata mimi sasa sikujua kama nilichokijua jana ni kweli au Fundi naye alikosea kusoma. Na nikisema, shindano litavunjwa, na mwanangu atashuka jukwaani kama alivyopanda.

"Pweza ana mioyo mingapi?"

Kwanini alinitazama tena. Sijui uso wangu ulimwambia nini, naapa sijui. Akamgeukia mwalimu.

"Minane."

"Sawa kabisa!"

Baada ya hapo hakukosa hata moja. Alijibu uongo kwa uhakika, na yale machache ya kweli akayajibu kweli, kama anayeiona karatasi nzima kabla haijakatwa. Mvulana alijibu alivyofundishwa, akaanguka swali baada ya swali, mpaka mwishowe alikuwa anajibu huku machozi yanamtoka. Ukumbi ukampigia mwanangu makofi. Waliokuwa wakimwita lile jina walipiga kwa nguvu zaidi. Na mimi nilipiga, nisidanganye.

Tukatoka na zawadi yake, mkoba mpya wenye vitabu ndani. Siku nyingine angeuliza mpaka nyumbani: kwa nini ukumbi una mwangwi, kwa nini makofi yanaanza pamoja na hayaishi pamoja. Siku ile alitembea kimya. Tulipofika kwenye kona ndipo akasema.

"Mama, kuanzia sasa nikiulizwa, nijibu ya kweli au wanayoitaka?"

Nilimwona amesimama ananisubiri nimjibu, kama anavyonisubiri kila siku, na nikajua kuwa hili nikilikosea, hakuna wa kunisomea jibu lake.

"Tunarudi," nikasema.

"Kuwaambia?"

"Ndiyo."

"Watachukua mkoba?"

"Sijui, mwanangu. Nadhani watachukua."

Akaukumbatia mkoba kifuani. Akalia kidogo, na mimi nikamwacha alie. Kisha akafungua zipu, akachungulia vitabu vyake mara moja, akafunga, akatangulia kurudi ukumbini bila kunishika mkono.