Kipande cha Majibu Kilichosusa

Jana nililala nimechoka, na usingizi ukanipa ndoto ya kazini, kana kwamba mchana haukutosha.

Kazi yangu ni kutengeneza kurasa za mtandao. Za wiki hii ni za zahanati moja ya milimani, ili wazazi wasomee majibu ya vipimo kwenye simu badala ya kushuka bondeni kwa miguu. Ukurasa hujengwa kwa vipande: kichwa, fomu, kitufe, jedwali, kila kimoja na faili lake. Simu huviomba kimoja kimoja, na mtandao wa kule ni wa kubahatisha. Mama Tusekile, ambaye mwanawe alipimwa selimundu, ule ugonjwa wa damu wa kurithi, ana siku tatu anafungua ukurasa na kuona weupe mtupu. Hilo ndilo nililolala nalo.

Basi ndotoni niko mlangoni mwa stoo ya vipande, jua la saa sita. Bawabu ni kabati la chuma lenye taa za kijani.

"Shikamoo, mzee. Nimefuata vipande vya ukurasa wa majibu."

"Marahaba. Kimoja kimoja."

"Viko arobaini na vinne."

"Basi una safari arobaini na nne. Haraka haraka haina baraka."

Nabeba kichwa cha ukurasa mgongoni hadi zahanati. Narudi kuchukua fomu. Fomu inagoma kizingitini.

"Siingii bila kitufe."

Nafuata kitufe. Nacho hakiingii bila rangi yake, na rangi iko stoo. Miguu inawaka moto, na ukurasa ungali mweupe. Mama Tusekile amekaa kwenye benchi anautazama. Hanilaumu. Angenilaumu ningeona nafuu.

Mlima unageuka jiko la mama yangu, wala sishangai. Mama anasonga ugali.

"Lugano, kuni hubebwa kijiti kijiti? Kamba iko nyuma ya mlango."

Nachukua kamba. Natandaza vipande chini, naviita majina kwa orodha yangu, nakaza fundo. Furushi moja, safari moja. Bawabu anapiga muhuri bila hata kuniangalia. Nalitua mbele ya benchi, linafunguka, na vipande vinajipanga vyenyewe: kichwa, fomu, vitufe, jedwali. Kila kitu kipo, isipokuwa majibu.

Narudi njiani. Kipande cha majibu kimeketi juu ya jiwe, kimekunja nne.

"Mbona hukuja na wenzako?"

"Sikuitwa. Jina langu halimo kwenye orodha."

"Lakini kwenye kompyuta yangu unaonekana kila siku!"

"Kwako nalala humo humo ndani. Nani huita jina la mtu wa nyumbani?"

Nakaa chini kando yake, nalia kidogo. Ni uchovu zaidi kuliko aibu.

"Haya, nimekuandika. Twende."

"Siendi hivi hivi. Mtu kangoja siku tatu, nami nifike nimtupie ndiyo au hapana, kama karani anayewahi chakula? Hata pole sina?"

"Wewe ni kipande cha ukurasa. Huendi msibani."

"Basi nabaki."

Sina nguvu za kubishana. Natoa kalamu, namwandikia mkaidi huyu juu kabisa, kwenye paji la uso: Pole kwa kungoja, mama. Anajisoma, anasimama, anajikung'uta vumbi na kushika njia ya zahanati bila kunisubiri.

Niliamka saa mbili asubuhi, jua limenipiga usoni. Kompyuta ilikuwa imezimwa vile vile nilivyoiacha. Kwenye simu kulikuwa na ujumbe wa sauti kutoka kwa Nesi Subilaga wa zahanati.

"Dada Lugano, habari za asubuhi. Mama Tusekile kayaona majibu sasa hivi. Mtoto hana selimundu! Jamani, nimelia naye. Halafu anaomba nimshukuru aliyemwandikia ile pole. Anasema hospitali zote alizozunguka, hakuna aliyewahi kumwambia."

Nilibaki nimeketi kitandani, simu mkononi. Kipande cha majibu nilikiandika mimi mwenyewe. Kina mistari sita, naijua yote kwa moyo, na nilipolala jana neno pole halikuwamo.