Sarafu Zilizosuguliwa

Mjomba alikuwa fundi bomba mstaafu, na tangu aache kazi hakuwa na raha ila akiwa mashambani na mashine yake ya kutafutia vyuma, akiisikiliza ardhi kama daktari anavyosikiliza kifua. Watu wa mtaani walimwita Mzee Tiitii kwa mlio wa mashine hiyo. Mwenyewe aliitikia bila kinyongo.

Siku alipofukua sarafu kumi na moja za kale, kwa ruhusa ya mwenye shamba, alikwenda nazo moja kwa moja kwa mpwa wake, binti aliyekuwa na studio ya picha za pasipoti. Alimkataza hata kuzipuliza.

"Huo udongo ndio cheti chao cha kuzaliwa, mama," alimwambia.

Basi mpwa akazipanga juu ya kitambaa cheusi, akaweka rula kando, akaishusha taa mpaka mwanga ukapita ubavuni. Hapo maandishi ambayo jicho tupu halikuyaona yakajitokeza, herufi baada ya herufi. Kazi ilimchukua kutwa nzima, na wateja wawili waliochoka kungoja wakaenda zao wakinuna. Mjomba akazikabidhi makumbusho, akapewa hati ya mapokezi yenye jina lake na mhuri. Hakudai hata asante.

Miezi minne baadaye wakasikia kuna maonyesho, wakakata tiketi kama watu baki. Ndani ya kabati la vioo sarafu zilimeremeta kama vifungo vya shati jipya. Zilikuwa zimesuguliwa, na maandishi yamekwenda na maji machafu. Kibao kilieleza kuwa zimegunduliwa na mkuu wa makumbusho. Mjomba akasema polepole, "Wamezichuna."

Neno hilo lilimchoma mpwa kuliko kibao chenyewe. Akapanda ngazi mpaka ofisini. Mkuu alimpokea kwa tabasamu la kumpaka mafuta kwa mgongo wa chupa, akasema wageni hupenda vitu ving'aavyo, na kwamba sarafu zilifika hivyo hivyo.

Kesho yake mpwa alirudi na picha kumi na moja, akazitandaza mezani juu ya makaratasi ya mkuu, na ile hati juu yake.

"Dada, siku hizi kompyuta inaandika chochote," mkuu alisema.

"Haya, tushuke. Sarafu ya tatu ina herufi mbili ukingoni, brashi yako haikuzifikia. Zilinganishe na picha yangu, halafu uniambie hizo nazo zimeandikwa na kompyuta."

Mkuu hakushuka. Lakini wiki haikwisha kibao kikabadilishwa, jina la mjomba likaandikwa kwa herufi kubwa, na picha zikatundikwa juu ya kabati. Sasa wageni huziinamia sarafu, wasione kitu, kisha huinua macho kwenye picha wapate kusoma.

Mjomba alifurahi. Alimsihi mpwa wake naye afurahi, yaishe.

"Mtu akikuvunjia mtungi akakutundikia picha ya mtungi huo," mpwa alijibu, "utateka maji kwa picha, mjomba?"

Tangu siku hiyo kila anachofukua mzee hupitia studio kwanza, na makumbusho hawakipati mpaka mkuu atie sahihi kwamba hakitasuguliwa.